Akiba Isiyotunzika

Wifi yangu Anneth ni mtu wa kuweka. Anasimamia stoo ya shule moja ya bweni huku Elerai, na kwake hata mfuko wa sukari ukiisha unakunjwa na kuwekwa. Kwa hiyo alipoolewa na kaka yangu Lerionka, wakakubaliana nyumba kwanza, mtoto baadaye, sikushangaa. Nyumba waliyoanza kujenga Engutoto ikachukua miaka sita na haijaisha. Anneth akafika thelathini na saba. Siku zake zilikuwa zinakuja bila kukosea, basi akaamini hana haraka.

Mimi ndiye niliyemburuta kliniki, maana nilichoka kunyamaza. Walimpima damu na ultrasaundi. Daktari, mwanamke mpole, akamwambia akiba yake ya mayai ya uzazi iko chini kuliko ya wengi wa umri wake.

Anneth akafikiri kidogo. "Basi, Dokta, nipe vidonge vya uzazi wa mpango, niyatunze mpaka nyumba iishe."

Nilitaka kumfinya. Daktari hakucheka.

"Hayatunziki hivyo, dada. Mwanamke anazaliwa nayo yote. Kila mwezi linapevuka moja, mengine mengi yanapotea. Vidonge havizuii hilo, na kuona siku zako vizuri hakusemi yamebaki mangapi."

"Kwa hiyo sitazaa?"

"Sijasema hivyo. Kipimo kinakadiria idadi tu, hakitabiri kama utapata mimba. Mimba inahitaji yai moja. Jaribuni sasa. Miezi sita ikipita kimya, rudi na mumeo, naye apimwe."

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja Engutoto, tukamkuta Lerionka juu ya ukuta. Nikajifanya naangalia mahindi ya jirani. Anneth alimweleza yote huku analia. Kaka yangu ni mbishi tangu utotoni, na niliogopa jibu lake. Akashuka, akajifuta saruji mikononi.

"Nyumba itasubiri," akasema.

Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili na wa tatu, hakuna. Alikuwa ananipigia kila mara.

Mwezi wa tano alinipigia nikiwa saluni kwangu, mteja amejaa povu kichwani.

"Wifi, sijaona siku zangu, zimepita siku kumi na mbili. Nimepima. Ipo."

Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia, na mteja wa watu akaniacha nilie mpaka nimalize.