Rangi ya Silva kwenye Mnara wa Tangi

Assalaam alaykum. Naomba jina langu lisionekane, maana huku kwetu Pemba mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, naishi kijiji kimoja si mbali na Kengeja. Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti.

Miaka michache nyuma alijenga mnara wa tangi la maji pale madrasa yetu. Mabomba aliyotumia yalikuwa ya zinki, yale yasiyoshika kutu upesi, maana upepo wa chumvi huku unakula kila chuma. Watu walimsifu sana. Mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, mguu mmoja wa mnara ulikatika na tangi likaanguka likiwa limejaa. Chini yake alikuwa Bi Hadia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakinga maji. Mie ndiye niliyemfunika kwa kanga yangu. Mpaka leo nikifungua bomba nasikia ule mshindo, halafu maji yanatiririka, halafu kimya.

Watu wote walisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Mume wangu alichimba kaburi, akabeba jeneza. Lakini khitma ilipokwisha akaacha kula. Nilimkuta amekaa mbele ya vile vyuma vilivyoanguka, anakwaruza kiungo kwa msumari, unga wa kutu unamwagika mapajani. Nikamuuliza ana nini. Akanieleza yote bila kunitazama usoni.

Alisema ukichomea chuma cha zinki, moto unaiunguza ile zinki pale kwenye kiungo, chuma kinabaki uchi. Lazima pasuguliwe, papakwe rangi maalumu yenye zinki. Siku ile ilikuwa imemwishia, meli haijaleta nyengine, na watu wanataka maji. Akapaka silva ya kawaida, kwa macho zinafanana. Alinuia kurudi kurekebisha. Hakurudi. Kutu ikala ndani kwa ndani, juu kunang'aa.

Nikadhani amemaliza. Akasema, "Na wa Shumba niliupaka vile vile."

Mnara wa Shumba uko skuli, na watoto wa dada yangu wanasoma pale. Nikamlilia aende akaseme. Akanijibu polepole, "Nikisema wa Shumba, nimesema na wa Bi Hadia." Tangu hapo hatujalizungumza tena. Analala kwa kugeukia ukuta.

Basi nikaenda mwenyewe, nikasingizia kumtembelea dada. Niliona michirizi ya kahawia inashuka kutoka kwenye viungo, na watoto wamepanga foleni chini yake na vikombe vyao. Nikamwambia mwalimu mkuu kuwa vyuma vile sivipendi, afadhali walimwage lile tangi. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza nani kaniambia, fundi? Nikamwambia ni macho yangu tu. Akasema wataangalia wakati wa likizo.

Kinachonimaliza zaidi ni Mwanaisha, binti wa Bi Hadia. Kila jioni anakuja kukaa jikoni kwangu, ananiita mama mdogo, ananimenyea muhogo. Akiingia yeye, mume wangu anatokea mlango wa nyuma. Juzi akaniuliza, "Mama mdogo, kwani ami nimemkosea nini?" Nikamwambia hajamkosea kitu, nikageuka kuchochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Nikimtaja mume wangu, huenda nikampoteza, na sijui Mwanaisha atanitazamaje. Nikinyamaza, namuona Bi Hadia kila penye mtoto anayekunywa maji. Na kumsubiri mume wangu aseme mwenyewe, sijui kama ule mnara utasubiri.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nawaomba msichelewe. Sasa hivi ninapoandika ni asubuhi, watoto wa Shumba wako madarasani, na kengele ya mapumziko bado haijagongwa.