Nilivunja urafiki kwa kubishania rock and roll, mama mmoja wa kwaya ziwani akanitoa ujuaji

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbinga, huku baridi ikitupiga sawasawa.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijayatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, watu wasije wakanifuata kibandani.

Mimi ni fundi wa redio, spika na amplifaya. Nina kibanda karibu na soko. Wikiendi napiga muziki kwenye harusi, komunio na kipaimara.

Kingine mjue, napenda rock kupita kiasi. Nilipokuwa form two, mpangaji mmoja pale nyumbani alihama akaacha boksi la kanda. Nilizisikiliza mpaka zikaanza kujikunja ndani ya redio. Tangu hapo sijapona.

Rafiki yangu mkubwa ni Kapinga wa kijijini Mapera, fundi wa mashine za kumenya kahawa. Naye ni mgonjwa wa miziki ya zamani. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anapita kibandani, tunakaa kwenye benchi, tunabishana mada ile ile: nani kweli ni rock and roll, na nani kasingiziwa tu?

Msimamo wangu ulikuwa mmoja. Kama hakuna gita la umeme linalokwaruza, hiyo siyo rock. Nilikuwa na list kabisa kwenye daftari, walioingia na waliokataliwa.

Kapinga alikuwa anamtetea jamaa mmoja wa kizamani, wa suti na piano. Jina silitaji, maana uzi utageuka vita kabla hata sijafika katikati.

"Ukisikia wimbo mguu ukaanza wenyewe, hiyo ndiyo rock and roll," Kapinga alikuwa anasema. "Wewe unataka gita kama vile ni kitambulisho."

Tunacheka, anakwenda zake Mapera. Miaka imeenda hivyo.

Sasa binti yake, Upendo, akapata komunio. Muziki nikapewa mimi, si mnajua, mtu wa nyumbani.

Watu wameshakula, wameshiba, Kapinga akashika maiki. "Fundi, niwekee ule wimbo wangu wa rock, nicheze na mama Upendo."

Wakuu, sijui nilipatwa na nini. Nikachukua maiki yangu nikajibu, "Bwana Kapinga, sherehe ni yako, lakini hiyo siyo rock. Hiyo ni ya kubembelezea watoto. Ngoja nikuonyeshe rock."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikaweka wa kwangu, na sauti nikapandisha.

Kapinga alikuwa ameshasimama katikati, amemshika mkewe mkono. Alisubiri kidogo. Halafu akamrudisha mkewe kwenye kiti, naye akakaa.

Na mimi nilikuwa nacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Nikipiga simu anajibu kwa heshima tu: "Nipo shambani, fundi." Miezi saba ikakatika.

Mnajua nilijiambia nini? Kwamba kaishiwa hoja. Kabisa, mtu mzima na akili zangu, niliamini rafiki yangu kanuna kwa sababu nimemshinda.

Basi, mwezi Mei nikapigiwa simu kutoka Ziwa Nyasa, upande wa Liuli. Amplifaya ya gita la kwaya, kanisa la Anglikana, inakoroma. Nikafunga vifaa, nikateremka milima ile mpaka joto likaanza kunivua sweta.

(Wanaojua hiyo njia wanajua. Unaona ziwa lote kwa chini kabla hujalifikia, unasahau hata ulichofuata.)

Nilidhani nitamkuta kijana mpiga gita. Nikamkuta mama wa miaka kama sabini, miwani imefungwa kwa uzi, gita la umeme mapajani. Mama Editha, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikasema kazi kwanza. Nikamwomba apige kidogo nisikie tatizo.

Wakuu, yule mama alipiga! Karatasi ya spika ilikuwa imechanika, kwa hiyo kila uzi ulioguswa ulitoka unanguruma. Siyo wimbo wa kanisani. Ni kitu cha haraka, cha kuruka, na mguu wake unagonga sakafu. Nywele za mikono zikanisimama.

"Mama, hiyo ni rock!" nikasema. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa kaka yangu. Alirudi na gita kutoka machimboni Afrika Kusini. Tukawa na bendi, tukipiga dansi mpaka Songea. Sisi tuliita rokenroli, basi."

Nikafungua amplifaya. Nikatoa spika mbovu, nikafunga niliyokuja nayo, nikachomelea na waya mmoja uliokuwa umelegea. Nikamwambia ajaribu.

Akarudia kile kile. Vidole vile vile, mguu ule ule. Safari hii sauti ilitoka safi, tamu, haina mkwaruzo hata kidogo.

Akasimama, akanitazama juu ya miwani. "Fundi, kabla hujatengeneza umesema napiga rock. Sasa napiga nini?"

Nikageuka kuitazama ile spika mbovu sakafuni.

"Mimi sijabadilisha kitu," akasema. "Wewe ndiye umebadilisha spika."

Alicheka huyo mama, akanipeleka kwake kula ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani. Lakini mimi nilikuwa namwona Kapinga katikati ya ukumbi, ameshika mkono wa mkewe.

Nikamsimulia mama Editha yote. Hakunipa hotuba. Aliuliza tu, "Ulishawahi kumuuliza kwa nini anaupenda wimbo huo?"

Miaka yote ya kubishana, wakuu. Sijawahi kumuuliza.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilikwenda Mapera moja kwa moja. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, nikamkuta Kapinga kalala chini ya mashine, miguu tu inaonekana. Mkewe ndiye aliyenipokea.

"Shemeji, umepotea," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Siku ile wazazi wangu walikuwepo. Ulimfanya achekwe mbele ya wakwe zake."

Hata hilo sikulijua. Nilikuwa nimeshughulika na spika zangu.

Kapinga akatoka, mikono imejaa grisi. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi. Wewe na mama Upendo. Nilikudharau kwenye sherehe yako, na sikuwa na haki."

Akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja.

Nikauliza, "Ule wimbo, uliusikia wapi mara ya kwanza?"

Hapo akanitazama. "Kwa mama," akasema. "Ulikuwa unapigwa redioni. Mama hakujua hata neno moja la Kiingereza, alikuwa anauimba kwa maneno yake ya Kimatengo huku anachambua kahawa. Siku moja akaacha kuchambua, akanishika mikono, tukacheza uani. Sikuwahi kumwona anacheza kabla ya hapo. Wala baada ya hapo."

Mama Upendo akaleta chai. Tulipofika kikombe cha pili, Kapinga akasema, "Lakini fundi, list yako ni ya hovyo." Nikajua nimesamehewa.

Jumapili hizi anapita tena kibandani. Bado tunabishana, na sauti zinapanda vile vile. Mimi bado napenda gita linalokwaruza, hilo sitabadilika. Ila lile daftari limebaki kwa mahesabu ya betri na nyaya tu.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu akikutajia wimbo anaoupenda, muulize kwanza alikuwa wapi alipousikia. Baada ya hapo bishaneni mtakavyo.

Haya, uwanja ni wenu. Taja mwanamuziki mmoja ambaye kwako wewe ndiye rock and roll hasa, na utuambie nani alikuwa amekaa karibu yako siku ulipomsikia mara ya kwanza.