Mgomba wa Kaka

Wazee walikuwa wameshaamua: kaka yangu azikwe bila mwili. Alikuwa amepanda Mlima Elgon na wenzake kukata mianzi, ukungu ukashuka, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Wanaume walimtafuta mpaka wakachoka. Kwetu Bungoma, mtu akipotea hivyo hukatwa shina la mgomba, likalazwa kaburini badala yake, watu wakalia, matanga yakaisha.

Wakati huo, miaka ya themanini, nilikuwa nimeolewa Kitale. Habari ziliponifikia mtaani kwangu Tuwan nilifunika cherehani nikaenda. Nilimkuta mama amekalia shoka la nyumbani, wazee wasilichukue.

"Ati mgomba! Mgomba ndio nilizaa?" alifoka. "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Naenda kumwita mwenyewe. Akininyamazia, nitawapa hilo shoka."

Nilikasirika. Nani anapanda mlima wakati wa mvua, kwa umri ule? Lakini ningemwacha aende na nani? Baba alishakufa. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ametoka tangu jana bila kuaga, nasi tukasema basi, huyo ameifuata pombe yake ya busaa.

Tulipita msitu wa mianzi, tukatokea kwenye mgongo wa mlima. Mama alivua ndara, akajifunga leso kiunoni, akapanda miamba kwa mikono na magoti. Mimi na viatu vyangu vya mjini niliteleza, nikachubuka, nikalia kwa hasira.

"Si nilikwambia uvue?" alisema bila kugeuka.

Juu, ukungu ulikuwa mzito hata sikuona miguu yangu. Mama aliita jina la kaka. Tulitembea kidogo, akaita tena. Aliita hadi sauti ikamkauka, akanishika mkono.

"Ita wewe."

Sikuweza kulitamka lile jina. Nilipaza sauti tu, "Oooi!" vile tunavyoitana shambani.

"Oooi!" ikajibu.

Woi, Mungu wangu! Ilikuwa sauti ya mwanamume, ng'ambo ya mwamba. Mama alinipita mbio, akateleza, akaanguka, akainuka akicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, na natamani nisingesikia. Niliita tena, sauti ikajibu tena, karibu zaidi, nami nikaanza kucheka pia.

Mwanamume alitoka kwenye ukungu akikimbia, mikono ameitanua. Alikuwa mjomba. Alipotuona, mikono ikamshuka.

"Kumbe ni nyinyi?" alisema. "Nimelala huku mlimani nikimwita. Nilidhani ananijibu."

Akaketi kwenye tope, mtu mzima, akalia kwa sauti. Niliona aibu kwa yale maneno ya busaa. Nilitaka kumwambia mama tutembee tena kidogo, tuite upande ule mwingine, lakini meno yalikuwa yananigongana, na yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndugu yake, akimpangusa uso kwa ncha ya leso, polepole, mpaka akanyamaza.

"Shoka nimelificha chini ya kitanda changu," akamwambia. "Usikate mgomba wa shambani. Kata ule wa nyuma ya jikoni. Ule alipanda yeye."