Sekunde Nne za "Kaloki ni Nani?"

Saa mbili na nusu asubuhi, Nzula Makau anafungua duka la kukodisha kanda za video mtaani Parklands, anawasha redio kwa sauti ya chini, kisha anaanza kazi ambayo wateja hawajui kuwa ni kazi. Anarudisha mwanzo kanda zote zilizoletwa jana zikiwa zimeachwa katikati. Anazitia ndani ya deki moja moja. Zinavuma, zinanyamaza, anaweka alama daftarini.

Ya nne haivumi. Inatoa mlio wa karatasi inayofinyangwa. Nzula anabonyeza kitufe upesi na kanda inatoka, lakini utepe wake mweusi umeng'ang'ania ndani ya mashine.

"Jamani, si hii," anasema. "Nyingine yoyote, lakini si hii."

Kanda hiyo ni Harusi Imesogezwa Kidogo, kichekesho kilichopigwa kwa siku tisa mwaka 1998 kwa kamera ya kuazima. Zilitolewa nakala sita. Leo, miaka minane baadaye, Nzula anaijua hii moja tu. Mwisho wa mwezi huu duka linaachana na kanda ili likodishe diski pekee, na mwenye duka amemruhusu aichukue. Jumamosi ilikuwa ihamishiwe kwenye diski.

Filamu yenyewe haina makuu. Bwana harusi aitwaye Gerishon anapotea njia kati ya katikati ya jiji na Hurlingham, akisukuma keki kwenye mkokoteni. Gari moja la buluu linapita mara nne, kila mara likiigiza kuwa gari jingine. Maikrofoni inaning'inia juu ya kichwa cha mchungaji kama kunguru anayesikiliza mahubiri. Maua ya mijakaranda yanadondoka juu ya keki, na hakuna aliyeyaondoa.

Ilionyeshwa mara moja katika ukumbi mmoja wa jijini. Walikuja watu arobaini. Kumi na mmoja wakaondoka kabla ya keki kufika.

Lakini katika duka hili haikai rafuni siku mbili. Lornah Nakhumicha, muuguzi katika hospitali ya jirani, ndiye aliyeirudisha jana. Asubuhi hii anapita akielekea kazini na kuchungulia mlangoni.

"Sasa Nzula! Kaloki ni nani?"

Huo ndio wimbo wa wapenzi wa filamu hii. Nzula hutabasamu kila mara. Leo anainua utepe uliokunjamana, na Lornah anashika mdomo.

"Ai! Si mimi nimeiua?"

"Si wewe. Imechoka tu."

Lornah anasema ameitazama zaidi ya mara ishirini. "Nikitoka wodini naiweka. Wakati mwingine hata sicheki. Naangalia tu hiyo barabara ya Westlands haina magari, na pale pamejengwa ghorofa siku hizi, humo bado ni nyasi na mbuzi amelala. Naona kama nikitembea vizuri nitafika huko."

Utepe umeharibika mahali ambapo kila mteja huurudisha ili aone tena. Bibi harusi anaulizwa anampenda nani. Anapaswa kusema, "Gerishon." Anasema, "Kaloki," jina halisi la mwigizaji aliyecheza Gerishon. Mchungaji, ambaye maishani alikuwa muuza nyama, anainua macho kutoka kwenye Biblia na kuuliza kwa mshangao wa kweli, "Kaloki ni nani?" Betri ya kamera ilikuwa inakata roho. Mwongozaji hakuweza kurudia.

Bibi harusi huyo ni Nzula. Wateja wengi hawamtambui. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, amewapelekea waigizaji chakula, na aliyepaswa kucheza hakutokea. "Gauni lilibanwa kwa pini kumi na moja mgongoni," anasema. "Nilikuwa naogopa hata kupumua."

Sasa analipwa shilingi elfu saba kwa mwezi, nusu ikiishia kwenye kodi ya chumba. Hakuwahi kuigiza tena, wala hakuolewa.

Saa tano anafika fundi aliyepigiwa simu. Ana kibanda cha kutengeneza deki na televisheni Hurlingham, na mkoba wake wa bisibisi umeshonwa mara mbili. Ni Kaloki mwenyewe.

"Niaje, bibi harusi? Leo umesahau jina la nani?"

"Fanya kazi, fundi."

Amemtania hivyo kwa miaka minane. Akiulizwa kuhusu mke, hujibu kuwa mashine zilimwoa zamani.

Anaufungua mfuniko wa deki, anautoa utepe taratibu, anaunyoosha juu ya kaunta karibu na dirisha. Mwanga unapita juu yake, na kwa kitambo wanautazama wote wawili kana kwamba picha zingeweza kuonekana kwa macho.

"Sentimita kumi hivi," anasema Kaloki. "Sekunde nne. Nikiunyoosha tu, unaweza kuchafua hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma picha, na kukatika. Wacha nikate hapa, niunganishe na hapa. Filamu itapona."

"Hizo sekunde nne ni zipi?"

"Zile zako." Anacheka, anachukua mkasi. "Si ni makosa hata hivyo? Utasema Gerishon kama watu wengine."

"Usikate."

"Nzula, itakatika yenyewe."

"Inyooshe. Ikikatika, ikatike. Lakini usikate wewe."

Kaloki anainua macho. Hatanii tena. Mkasi uko wazi mkononi mwake.

"Kwa sababu ya wale wanacheka?"

Nzula anazima redio. Kidole chake kimelala juu ya utepe, juu ya zile sentimita kumi.

"Sikukosea, Kaloki," anasema. "Siku ile niliulizwa nampenda nani, nikajibu."