Fomu Yangu na Majina ya Shangazi Igoki

Safari hii sikuitaka, nilitumwa. Baba alikufa kwa saratani ya koo, na sasa kaka yangu Mutuma alikuwa anameza uji na chai tu. Hospitalini Meru, daktari mmoja wa utafiti alituambia kuna saratani zinazoua watu wenye asili ya Afrika, wa hapa na hata wa Amerika, kuliko wengine. Kama ni damu ya ukoo, chakula, ama kuchelewa kutibiwa, alisema hajui. Naandika hivyo ili nimtendee haki. Alitaka damu ya dada ya baba, aliyebaki hai peke yake kati ya ndugu zao, na habari za hao wengine. Mimi nilishajaza fomu: ndugu watano, mgonjwa mmoja, baba.

Alfajiri nilitoka Kibirichia na lori la viazi.

Saa nane nikafika Mbeere, kwenye jua lisilo na adabu. Shangazi Igoki alikuwa anaanika mtama.

"Karibu, Kiambi. Unakula viazi ama viazi vinakula wewe?"

Akamimina chai inayotoa moshi.

"Daktari anasema tungoje ipoe, chai moto sana inaumiza koo," nikasema.

"Daktari yuko hapa? Kunywa."

Nikauliza walizaliwa wangapi. Akaweka kikombe chini.

"Watu si mbuzi wa kuhesabiwa. Niulize majina."

Akayataja polepole. Mimi, nisamehewe, nilikunja vidole nyuma ya mgongo. Vikafika vitano.

"Na Kiambi."

"Kiambi ni mimi, shangazi."

"Wewe ulipewa jina lake. Alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Koo lilimfunga hata maji yakamshinda. Baba yako hakuweza kumtaja."

Akaniangalia.

"Wewe wamekutoa damu?"

"Bado. Nilikuwa na viazi shambani."

"Viazi vina miguu? Sema unaogopa sindano."

Ni kweli, niliogopa.

Kesho yake, Meru, shangazi alimwambia daktari, "Anza na huyu." Nilifumba macho. Iliuma kidogo kuliko nilivyowatangazia watu baadaye. Kwenye fomu nikafuta ile tano, nikaandika majina yote sita, wagonjwa wawili.

Daktari akasema ukweli: majibu yatachukua miaka, huenda yasimfae Mutuma.

"Basi yatamfaa mtoto atakayeitwa Mutuma," shangazi akasema.

Jioni, Kibirichia, nilimwambia kaka maneno hayo. Akacheka, akaomba chai. Tukaingoja ipoe.