Kadi Mbili za Columbia Heights

Baba alinituma Marekani nikadai kadi yake ya chama. Alinyang'anywa zamani na kaka yake wa damu, Baba Mkubwa Yohana, aliyekuwa katibu wa tawi, kwa kosa la kumpangisha mwalimu chumba kimoja. Miiko ya chama ilimkataza kiongozi yeyote, hata wa tawi kama wao, kuwa na mpangaji, au mishahara miwili. Tangu siku hiyo hawajasemezana, na sasa Baba anaumwa. "Usirudi bila kadi," aliniambia.

Ndani ya ndege nilikiwaza chama chenyewe. Kilipanda kwa ngoma, maandamano na shamba la pamoja. Kikashuka polepole: duka la ushirika likakosa sabuni, wakubwa wakajenga maghorofa, miiko ikafutwa kimyakimya. Habari hizo hazikumfikia Baba Mkubwa huko Marekani alikohamia.

Uwanjani Minneapolis alinipokea akiwa kavaa koti zito, beji ya chama kifuani.

"Karibu, komredi. Twende haraka, nimetoka kazini na usiku naingia kazi ya pili."

Mishahara miwili, basi. Nikabeba begi langu, mgeni ni mgeni.

Tulipofika kwake Columbia Heights, nilimkuta mama wa Kikongo kwenye ghorofa ya chini akikaanga samaki.

"Miye ni locataire wa papa," alisema. "Ni mutu muzuri, lakini loyer ya mwezi ikichelewa, hachekake."

Nikamgeukia Baba Mkubwa. "Mpangaji?"

Akatazama theluji dirishani. "Ni mwenzetu katika mapambano."

"Analipa?"

"Kila tarehe mosi."

Jumapili, baada ya ibada, aliitisha kikao mezani. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, mama wa chini mwalikwa asiye na kura. Akajisomea mashtaka, akajitetea vibaya, akajifukuza uanachama kwa kauli moja. Nilicheka, kisha nikaona machozi yake, nikaona aibu. Akachomoa kadi mbili ndani ya Biblia, ya Baba na yake.

"Nilimfukuza mdogo wangu kwa chumba kimoja, mwanangu. Mimi nimepangisha ghorofa nzima. Mpelekee zote."

Nyumbani, Baba alizishika kadi zile kwa mikono miwili. "Kajifukuza mwenyewe?" Akacheka mpaka akakohoa. Nilichojifunza ni kwamba chama kinaweza kufa na kuzikwa, na ugomvi wake ukabaki unakula mezani na ndugu. Baba akaomba simu.

"Kaka," alisema, "sasa chama kimebaki na nani?"

"Tupo wawili," Baba Mkubwa akajibu. "Akidi imetimia."