Mkono Uliokaza Sana

Nimesuka nywele Busia kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kubembeleza mteja. Wateja walinitafuta. Kibanda changu kiko nyuma ya uwanja wa malori, na mwanamke aliyetoka Malaba au ng'ambo ya Uganda akiuliza ni msusi gani ambaye kazi yake haifumuki, watu wa bodaboda walimleta kwangu bila maelezo mengi. Sifa yangu ilikuwa moja: nilikaza. Rasta zangu zilikaa wiki saba, nane, na mistari ilionekana kama imesukwa jana. Nayasema haya kwa kujigamba kwa sababu nilijigamba hivyo kweli, na bila kujua majigambo yale hutaelewa nilichokiharibu.

Kukaza kulikuwa na sababu. Wateja wangu wengi ni wachuuzi. Leo yuko sokoni, kesho anavuka mpaka na mitumba, keshokutwa yuko ufuoni Osieko akingoja omena, dagaa wa ziwani. Hana nafasi ya kukaa kitini saa sita kila mwezi. Akija huniambia nikaze, anataka zimfikishe Krismasi, nami nilikaza hadi nyusi zikapanda. Akilalamika nilimwambia avumilie, kesho zitalegea, na nikamwelekeza duka la jirani linalouza tembe za kichwa. Vipele vikimtoka kwenye paji la uso nilimpaka mafuta kidogo nikasema ni joto. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Mdogo wangu nilimsuka kuliko wote, tena bure, na kwa hivyo nilimkaza zaidi, maana kichwa chake kilikuwa tangazo langu kule ufuoni. Yeye anauza samaki Osieko. Ni mke wa pili wa dereva wa lori, mtu ambaye akikwama kwenye foleni ya Malaba anaweza kumaliza wiki bila kuonekana nyumbani. Mke wa kwanza anauza samaki pia, na kwa miaka mingi wake hao wawili walielewana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Mmoja akileta samaki Busia, mwingine alilisha watoto wote.

Kisha nywele za mdogo wangu zikaanza kurudi nyuma, kwanza kando ya masikio, halafu mbele. Alitafuta sababu, nami nikamsaidia kutafuta, Mungu anisamehe. Tukasema ni maji ya ziwa. Tukasema ni moshi wa kukausha samaki. Tukasema ni uzazi wa mwisho, kwa kuwa kweli mwanamke akishajifungua nywele hupukutika. Lakini mtoto alianza shule na nywele hazikurudi. Siku moja akiwa kitini kwangu akaniambia kwamba mke mwenzake huwa anatumia kitana chake. Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kidogo.

Kwetu mteja huondoka na nywele zake. Ukimaliza kumfumua, anaokota kila uzi sakafuni, anatia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na kwenda kuzichoma mwenyewe. Hakuna anayemcheka. Nywele zikiangukia mkono mbaya zinaweza kufanyiwa mambo, ndivyo tulivyolelewa, Wakristo sisi na ubatizo wetu. Kwa hiyo aliposema kitana, mimi ambaye watu huniamini juu ya vichwa vyao niliacha kusuka nikamwambia, "Basi umepata. Nani mwingine anashika nywele yako?"

Swali hilo lilikuwa na jibu rahisi, kwa kuwa nilikuwa nimezishika wakati uleule. Hakuna kati yetu aliyeliona. Alirudi Osieko akamwambia mke mwenzake asikanyage kwake tena, na watoto wakakatazwa kula kwa mama yao mkubwa. Neno likatembea ufuoni. Wanunuzi wa yule mama wakaanza kupita meza yake wakitazama pembeni. Kwa miaka mitatu mwanamke yule aliitwa mchawi, na mimi kila mwezi nilizikaza nywele chache zilizobakia kwa mdogo wangu ili zifunike upara.

Mwaka jana mama yetu alifariki. Tulimzika nyumbani, na siku ya tatu ikawa ya kunyolewa, kama ilivyo desturi kwetu. Siku hizi wengine hukatwa kishungi kimoja tu kwa ishara, lakini baba mdogo alisema mama huyu anastahili kichwa kizima. Niliogopa sana. Chini ya wigi nililokuwa nikilibandika kwa gundi kulikuwa na siri ambayo hata mume wangu nilimficha. Niliwaza kusingizia homa. Mwishowe nililivua nikakaa mkekani na wengine, kila mtu na wembe wake mpya.

Tulikuwa wanawake saba, na jua la saa nne lilikuwa limetuwakia. Tulipokwisha kunyolewa nikainua macho, niliona kitu kimoja kikijirudia kichwa hadi kichwa: utepe wa ngozi laini yenye kung'aa, kuanzia sikio moja kupita juu ya paji la uso hadi sikio la pili. Mdogo wangu alikuwa nao. Mabinti watatu wa shangazi walikuwa nao. Wangu niliupapasa kwa kidole. Lakini shangazi mwenyewe, mkongwe ambaye maisha yake yote amekata nywele kwa mkasi na kufunga kitambaa, vinyweleo vyake vilifika mbele kabisa. Na mke wa kaka yangu, aliyetoka Moding, ambaye husema nina mkono wa askari na hajawahi kukalia kiti changu, naye alikuwa mzima. Niliwapitia tena mmoja mmoja. Wote wenye utepe walikuwa kazi yangu, hata mimi niliyejisuka mwenyewe. Nililia kwa uchungu, na watu wakadhani namlilia mama.

Mimi si mtu wa kulala na jambo. Wiki iliyofuata nilimburuta mdogo wangu hadi kwa daktari wa ngozi, mwanamke wa sauti ya chini asiyependa kutisha watu. Alituuliza kuhusu uzazi, hedhi, upungufu wa damu, uvimbe wa tezi shingoni, homa kali, dawa tunazomeza, maana kila moja ya hayo huweza kumwaga nywele kwa namna yake. Za uzazi hupukutika kichwa kizima kisha hurudi zenyewe. Mashilingi, yaani choa cha kichwani, huacha mabaka yenye magamba na hutaka dawa ya kumeza. Yetu, alisema, ilijieleza yenyewe: nywele zikivutwa miaka mingi hung'oka pale zinapovutwa zaidi. Shina lililovimba tu bado lina uhai, likishageuka kovu halioti kitu. Vile vipele nilivyoviita joto vilikuwa onyo. Na kule kulainisha nywele kwa dawa na kuzisuka siku hiyohiyo, jambo nililolifanya kila Desemba, kuliongeza jeraha juu ya jeraha. Alitupima kwa kioo cha kukuza. Kwa mdogo wangu aliona vinyweleo pembeni, akamwandikia dawa ya kupaka na kumkataza kusuka kwa mwaka mzima. Kwangu alikiweka kioo chini akasema hapa mbele tusidanganyane.

Tangu siku ile nasuka bila kukaza. Mteja akisema panauma, nafumua palepale. Baada ya rasta namwambia apumzishe kichwa majuma kadhaa, na akiwa na vipele namtuma kwa daktari kabla sijamgusa. Anayetaka kukazwa namwonyesha barabara. Wachache wameondoka, wengi wamebaki, na kazi yangu bado ni safi kuliko ya msusi yeyote hapa mpakani.

Upara wangu haukuniuma kama nilivyotarajia. Kilichoniuma kilikuwa Osieko. Tulipotoka kwa daktari mdogo wangu alisema tuliache tu, maneno yatajifia yenyewe, mbona tujiaibishe. Nilimwambia anyamaze akitaka, lakini swali lile la kitana nililiuliza mimi. Alikuja nyuma yangu amenuna.

Tulimkuta mke mwenzake ufuoni akianika omena, peke yake kule mwisho. Nilimwamkia kwa heshima nikamweleza yote, kiti changu, kukaza kwangu, siku ya wembe, maneno ya daktari. Alisikiliza bila kuacha kutandaza samaki. Nilipomwomba msamaha aliinuka taratibu, akajifuta mikono kwenye leso.

"Wewe unaniambia pole kwa masikio yangu peke yake," akasema. "Mimi niliitwa mchawi mbele ya watu."

Alikuwa na haki. Nilivua kitambaa changu, nikaenda kusimama penye mizani ambapo wanawake walikuwa wamejaa, nikatoa ile sauti ninayoitia wateja Busia.

"Muangalie hii kichwa. Hakuna mtu aliloga dada yangu, na hakuna mtu aliloga mimi. Ni mimi nilikuwa nakaza nywele mpaka ikakufa. Huyu mama hana makosa."

Mizani ikaachwa ikining'inia. Mwanamke mmoja niliyemsuka mwezi uliotangulia alipeleka mkono kwenye skafu yake akajipapasa juu ya sikio. Moyo ulikuwa mwepesi, na nilidhani nimemaliza. Nikageuka kumtazama yule mama. Alinyoosha kidevu kuelekea ziwani, ambako mashua mbili zilikuwa zinaingia zimejaa watu.

"Hao hawajasikia," akasema. "Ngoja wafike."

Nikangoja. Mdogo wangu alikuja kusimama kando yangu, akafungua kitambaa chake akakikunja mkononi. Mashua zilipogusa mchanga, yeye ndiye aliyeanza kusema.